Mwalimu wa Madrasa Apimwe kwa Lipi?

Mwezi wa Shaaban unapoingia, katika misikiti mingi ya mji wetu wa Tabora, kuanzia Gongoni hadi Ng'ambo na Isevya, vikao vya kamati hurudia shauri lile lile: mwalimu wa madrasa aendelee, au atafutwe mwingine. Aghalabu shauri hilo humalizika kwa nusu saa. Mzee mmoja husema kelele za watoto zinasikika mpaka barabarani. Mwingine husema mwanawe yumo madrasa mwaka wa tatu na bado hajatoka Juzuu Amma. Wa tatu hukumbusha kwamba katika Maulidi yaliyopita watoto wa msikiti wa jirani walisoma vizuri kuliko wetu. Mwalimu hupewa barua, au hupewa salamu tu, na Shawwal anaingia kijana mwingine ambaye huwakuta watoto wale wale, chumba kile kile na kelele zile zile.

Katika wote waliosema kikaoni, aghalabu hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa darasani kuanzia mwanzo wa somo hadi mwisho wake. Sisi tunaohudumu katika kamati ya msikiti tunaona kwamba hapo ndipo penye tatizo, na kwamba linawagusa wazazi zaidi kuliko wanavyodhani, kwa sababu mwalimu anapoondolewa kwa hukumu ya kusikia, mtoto ndiye anayeanzishwa upya kutoka alifu.

Kumpima mwalimu si jambo geni katika dini yetu. Katika mji wa Qayrawan, nchi ya Tunisia ya leo, mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Malik, Muhammad ibn Sahnun, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu wa watoto, nacho ni Adab al-Mu'allimin. Zaidi ya karne moja baadaye, al-Qabisi wa mji huo huo aliirejea maudhui hiyo na kuipanua. Ibn Sahnun anamtazama mwalimu anayelipwa kama ajiri, yaani mtu aliyeuza wakati wake, na kutokana na hilo anatoa hukumu zinazoshangaza kwa namna zinavyogusa maisha ya kila siku. Mwalimu awatazame sawa mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini. Asijishughulishe na jambo jingine wakati wa kusomesha. Adhabu ina mpaka wa idadi ya viboko, na fimbo yenyewe aigharimie yeye mwalimu, si wazazi. Tena anasema mwalimu asiache darasa kwenda kusindikiza jeneza, isipokuwa lile linalomlazimu, kwa kuwa saa ile si yake tena.

Mas'ala hiyo ya jeneza ni kama imeandikwa kwa ajili ya Tabora. Ni nani hapa kwetu anayeitwa kusoma hitma, kuosha maiti, kusoma talakini kaburini, kufungua Maulidi na kumwombea dua mgonjwa? Ni huyo huyo mwalimu wa madrasa. Na huitwa saa ngapi? Alasiri, saa ya darasa. Anayemwita ni mzazi ambaye mwezi wa Shaaban atauliza kwa nini mwanawe hasongi mbele.

Natuhesabu kidogo. Tuchukue madrasa ya watoto 60 na mwalimu mmoja, inayoanza saa kumi na nusu jioni na kumalizika saa kumi na mbili. Hizo ni dakika 90. Kwa mtindo wetu wa kila mtoto kwenda mbele kwa zamu na kusomeshwa peke yake, kila mmoja anapata dakika moja na nusu, na dakika 88 na nusu zilizobaki anangoja. Kwa siku tano, kuanzia Jumamosi hadi Jumatano, mtoto huyo amesomeshwa dakika saba na nusu. Mwalimu akiitwa kwenye hitma mara mbili katika juma hilo, zimebaki dakika nne na nusu. Juzuu Amma ina sura 37. Mzazi anayeshangaa azigawe mwenyewe.

Kelele zinazosikika barabarani zinatoka katika zile dakika 88. Mtoto wa miaka saba, ambaye tangu asubuhi alikuwa shule, amekaa jamvini hana la kufanya, na mwenzake wa ubavuni hana la kufanya vilevile. Mwalimu anamsikiliza mmoja kwa sikio moja, na kwa jicho anawatazama 59. Mkono wake unaifuata bakora kwa sababu bakora inafika mbali kuliko sauti. Tukimwambia mwalimu huyo kwamba hana nidhamu darasani, tumemweleza anachokijua na hatukumpa chochote.

Kwa hiyo la kwanza ni kwenda kukaa. Katika kamati yetu wanakwenda watu wawili, mmoja mwenye elimu ya Qur'ani na mmoja mzazi wa kawaida, na wanakwenda mara tatu kwa siku tofauti kabla ya kusema lolote. Siku ya kwanza haihesabiwi, maana siku ya mgeni watoto huwa malaika na mwalimu huwa na koo kavu. Siku ya pili na ya tatu ndizo zenye habari. Wanaokaa hawashiki msahafu kumsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake, wala hawanong'onezani. Wanaandika mambo machache yanayoonekana kwa macho: darasa limeanza saa ngapi kwa hakika, mtoto aliyekaa nyuma kabisa amengoja muda gani, alikuwa akifanya nini alipokuwa akingoja, ni majina ya watoto wangapi mwalimu ameyataja, na kati ya majina hayo ni mangapi yalitajwa kwa sifa. Hilo la mwisho linafaa kutazamwa sana. Upo uwezekano wa mwalimu kufundisha jioni nzima na mtoto asilisikie jina lake isipokuwa anapokaripiwa.

Mji wetu ulikua kwa misafara. Iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe baada ya miezi miwili, mitatu au zaidi, ikapumzika, mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya, na wapagazi wakaajiriwa kwa safari mpya ya Ujiji. Uislamu na vyuo vya Qur'ani viliingia bara kwa njia hiyo hiyo. Mbele ya msafara alikuwepo kirangozi, mjuzi wa njia. Na walikuwepo wanyapara, waliowasimamia wapagazi na kuwasukuma waliobaki nyuma. Neno mnyapara tunalo mpaka leo, na hakuna anayependa kuitwa hivyo. Ziko kamati zinazomwendea mwalimu kinyapara. Tungependa zimwendee kama watu waliomkuta Unyanyembe akipumzika: tufungue mzigo pamoja, tuone umefungwa vipi. Hata Wizara ya Elimu imeacha kuiita kazi hii ukaguzi wa shule na kuiita uthibiti ubora, ingawa kubadili jina ni rahisi kuliko kubadili sura ya mgeni anapoingia mlangoni.

Mfano ulio hai wa jambo hili upo hapa Afrika Mashariki, na umeanzia madrasa. Mwaka 1986 huko Mombasa, kwa maombi ya viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa mpango wa madrasa za awali ulioongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu wa mji huo. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Waalimu waliochukuliwa walikuwa hasa wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao hawakuwa na cheti cha ualimu. Kilichowafanya wawe waalimu hakikuwa semina ya wiki moja. Baada ya mafunzo ya mwanzo, mkufunzi aliwafuata darasani mara kwa mara kwa muda mrefu, akakaa, akatazama, akamwonyesha mwalimu kwa vitendo namna ya kuligawa darasa katika vikundi, kisha wakazungumza watoto walipokwisha kuondoka. Kila madrasa ilikuwa na kamati ya wenyeji, na kamati ilifundishwa wajibu wake sawasawa na mwalimu. Watafiti waliowalinganisha watoto wa madrasa hizo na wenzao wa shule nyingine za awali, na wale waliobaki nyumbani, waliwakuta wa madrasa wakiwa mbele. Sisi hatuna wakufunzi wa kutumwa kutoka Mombasa, lakini katika mji huu tuna Chuo cha Ualimu, na tuna waalimu wastaafu wa shule za serikali wanaoswali nasi safu moja. Tunawaomba michango ya ujenzi, na ujuzi wao wa miaka thelathini wa kusimama mbele ya watoto tunauacha ukae barazani.

Kuligawa darasa ndiyo dawa ya kwanza ambayo mstaafu wa namna hiyo atamwandikia mwalimu wetu. Watoto wadogo 40 wakigawanywa kwa wanafunzi wakubwa wanne, kila mmoja wadogo kumi, kwa dakika 45 tu, kila mdogo atasikilizwa dakika nne na nusu kwa siku moja. Wakati huo mwalimu anawashughulikia wakubwa waliobaki, na anapita kwenye vikundi kusikiliza makharij, kwa kuwa kosa la mkubwa mmoja likiachwa litakaa katika ndimi kumi. Wakubwa wapokezane zamu, wasije wakageuzwa waalimu bila ujira huku masomo yao yamelala. Asiyekuwa katika zamu ya kusoma apewe kazi ya mkono, aandike herufi au sura aliyoifikia. Wanaochelewa wakae karibu na mlango, wasivuke jamvi zima. Mambo haya ni madogo, na kila moja linajaribiwa kwa juma moja kabla ya kuongezwa jingine. Mwalimu akipewa masharti 12 kwa siku moja, ataweka karatasi ndani ya juzuu na kuendelea alivyokuwa.

Bakora nayo isemwe waziwazi. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinazohusu shule haziruhusu zaidi ya viboko vinne, zinataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na iandikwe katika daftari. Ibn Sahnun, zaidi ya miaka 1100 kabla ya kanuni hizo, aliishia kwenye vitatu, na akataka ruhusa ya mzazi kwa kinachozidi. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima, alionya kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo ili ajikinge. Je, katika madrasa zetu daftari hilo liko wapi? Rai yetu ni kwamba pasipo na mpaka unaojulikana na daftari linaloandikwa, bakora ikae nje ya mlango. Mwalimu aliyezoea kuitegemea asinyang'anywe tu na kuachwa mikono mitupu mbele ya watoto 60. Aligawe darasa kwanza, na ataona haja yake inapungua.

Yanabaki mazungumzo ya baada ya ziara, na haya ndiyo huharibu au hutengeneza. Imam Muslim amepokea kisa cha Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, aliyemwombea dua mtu aliyepiga chafya huku wote wako ndani ya swala. Watu wakamkodolea macho na kupiga mapaja yao ili anyamaze. Mtume (s.a.w.) alimaliza swala kwanza, kisha akamfundisha. Hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza kwamba katika swala hayafai maneno ya watu, na akamtajia yanayofaa, tasbihi, takbiri na kisomo cha Qur'ani. Muawiya alishuhudia kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla yake wala baada yake. Hicho ni kipimo cha mwalimu kilichotoka kwa mwanafunzi aliyekosea. Na kamati inayozungumza na mwalimu inaweza kufuata mwendo huo huo: ingoje darasa liishe, iwe faragha, na imwambie la kufanya kesho badala ya kumrudishia lawama ya jana. Aulizwe kwanza yeye ameonaje. Mara nyingi ataanza kwa jambo ambalo wageni hawakuliandika kabisa.

Karatasi ya tathmini iwe na upande wa pili, wa kamati yenyewe. Posho imelipwa tarehe gani? Watoto wameongezwa wangapi bila kuongezwa mwalimu? Mabinti waliobaleghe wana ustadhati, au wamewekwa nyuma ya pazia wasikie wanachoweza kusikia? Siku ngapi mwalimu ameitwa nje wakati wa darasa, na nani aliyemwita? Mwalimu aliyepewa saa zake zote, na jamvi la kutosha, na mtu wa kumwelekeza kwa miezi sita, akashindwa bado, basi aambiwe kwa heshima kwamba kazi hii si yake. Wapo wasomi wakubwa wa Qur'ani ambao hawakujaaliwa subira ya watoto, na si aibu.

Mzazi naye anaweza kuanza leo. Mtoto akirudi Magharibi, asiulizwe tu amefika aya ipi. Aulizwe alisomeshwa na nani, alikaa wapi, na alifanya nini alipokuwa akingoja zamu yake.

Kikao kijacho cha kamati yetu kitakuwa katika mwezi wa Rajab, kabla ya pilikapilika za Shaaban. Ajenda ya kwanza ni ripoti ya ziara tatu, pamoja na ombi la mwalimu la ubao wa pili. Ajenda ya pili ni hitma za alasiri. Wazee wawili wanaosoma vizuri wamekubali kuitwa badala yake, mmoja Jumamosi na Jumapili, mwingine Jumatatu na Jumatano. Siku ya Jumanne bado haijapata mtu.