Maji ya Moto Yanawezaje Kuganda Mapema?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliingiza kwenye friji mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, kwa kuhofia kukosa nafasi. Wake ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa kabisa. Mwalimu wake wa fizikia hakukubali. Baadaye Mpemba, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kulipima jambo hilo maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao, na tangu hapo jambo hilo likaitwa athari ya Mpemba.

Pingamizi dhidi ya athari hiyo ni zito, wala halistahili kupuuzwa. Maji ya nyuzi 90 hayawezi kufika 0 bila kupita 30. Yakifika 30, yale yaliyoanzia hapo yameshasonga mbele. Yatayapitaje?

Pingamizi hilo linachukulia kwamba maji yote ya nyuzi 30 ni sawa, na hapo ndipo penye kasoro. Yaliyoshuka kutoka 90 yamepungua kwa mvuke, yamepoteza sehemu ya hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yana mikondo inayopandisha maji yenye joto juu. Kipimajoto husoma joto la mahali kilipo tu. Hakituambii joto limesambaaje ndani ya chombo. Osborne aliweka vyombo vyake juu ya povu la plastiki ili joto lisitokee chini. Alipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Kumbe joto lilikuwa likitoka hasa kwa juu, na mvuke peke yake haukutosha kueleza tofauti aliyoiona.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya nchini Uingereza, wakasema hawaoni ushahidi wa maana. Hata kukosea kina cha kipimajoto kwa sentimita 1 kunatosha kuzua matokeo ya uongo. Onyo hilo nalikubali. Lakini wao walipima muda wa kufika nyuzi 0, na kufika 0 si kuganda: maji huweza kupoa chini ya hapo yakabaki maji, na kila chombo kikaanza kuganda kwa wakati wake. Mpemba alikuta aiskrimu iliyoganda.

Kwangu, kazi yenye uzito zaidi ni ya Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, mwaka 2020. Waliacha barafu kabisa, wakafuatilia chembe ndogo ya kioo ndani ya maji, ikisukumwa kwa nguvu za leza walizozidhibiti wenyewe. Katika hali fulani, chembe iliyoanza na joto kubwa zaidi ilitulia mapema kuliko iliyoanza na joto la wastani. Hapo hapakuwa na mvuke wala hewa iliyoyeyuka ya kusingiziwa. Kuhusu maji yenyewe, mabishano bado yanaendelea.