Istilahi za Kupima Uvimbe wa Kifua

Katika ukanda wa machimbo ya dhahabu, toka Kahama, iliko kata ya Nyahanga, hadi Geita, mtu akikohoa kwa muda mrefu aghalabu hudhaniwa kuwa na kifua kikuu. Dhana hiyo ina msingi, kwani vumbi la mawe lenye silika hudhoofisha mapafu. Lakini vumbi hilo hilo laweza kuleta saratani, na katika picha ya eksirei vivuli vya maradhi haya mawili huweza kufanana. Jibu la hakika hutokana na kipande cha tishu. Jibu hilo huandikwa kwa Kiingereza, na hapana budi mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili.

Kipande hicho huhifadhiwa katika fomalini, huzamishwa katika nta, hukatwa vyembamba, kisha hutiwa hematoksilini iliyo buluu na eosini iliyo ya waridi. Iwapo seli zimepoteza umbo lake la asili, rangi hizi hazitoshi. Hapo hutumika kingamwili, yaani protini inayonasa protini moja maalumu. Kingamwili huambatishwa na kimeng'enya kinachoacha rangi ya kahawia mahali iliponasa. Albert Coons alianza mwaka 1941 kwa kingamwili zenye kung'aa. Mwaka 1975 Köhler na Milstein wakavumbua njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja. Mathalani, CD20 huelekeza kwenye saratani ya limfu. Kalretinini, kwenye saratani ya utando wa mapafu. Na protini ya NUT hufichua saratani adimu inayokua upesi mno. Tofauti hizi huamua tiba: saratani ya limfu hutibiwa hasa kwa dawa, ilhali uvimbe mwingine huhitaji kisu.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe.

Kutia rangi: tusiseme kupaka. Ukuta hupakwa, nguo hutiwa rangi ikaingia nyuzini, na ndivyo ilivyo kwa tishu.

Kitambulishi: twalipendelea kuliko alama. Alama huwekwa na mtu, bali protini hii imo tayari ndani ya seli.

Hadubini: ndicho chombo cha kukuzia vitu vidogo; darubini ni ya kutazamia vya mbali.

Uvimbe wa kasi: kivumishi -kali kimekwisha kutumika kwa ugonjwa uanzao ghafla. Hapa maana ni kukua na kuenea upesi.

Chanya na hasi: hapa ndipo penye hatari kubwa. Msomaji wa kawaida huona chanya kuwa habari njema, kumbe maana yake ni kwamba kitambulishi kimeonekana tu. Twapendekeza mfasiri aandike "kimeonekana" au "hakikuonekana", asije akamrudisha nyumbani mgonjwa anayedhani amepona.

Wasomaji walio hospitalini na mashuleni wanaombwa watuletee maoni yao.