Harufu ya chungu ndiyo inayomleta dubu kambini

Majira ya joto yakiingia Amerika Kaskazini, maswali ya wasomaji wa huko huja kwa mfululizo, na mengi yana umbo moja: tupake nini kwenye hema ili dubu asije? Wanaouliza wana sababu. Kuanzia 2016 familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zilipelekwa kuishi Missoula, katika jimbo la Montana, mji uliozungukwa na milima yenye dubu. Wengine wako Idaho, Alaska na magharibi mwa Kanada, na watoto wao wanarudi kutoka shuleni wakiomba kwenda kulala porini kama wenzao. Mzazi aliyekua akijua tahadhari za fisi, simba na kiboko hakurithi tahadhari yoyote ya dubu, maana Afrika haina dubu. Wale wa milima ya Atlas walitoweka katika karne ya 19. Pengo hilo ndilo wanalolivizia wauzaji wa dawa za kupaka, za kumwaga na za kufukiza. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Kinachoamua kama dubu atafika hemani ni jinsi chakula kilivyohifadhiwa jioni ile, na mara nyingi ni jinsi watu wengine walivyokitupa mahali hapo miaka iliyopita.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii umetoka Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1872. Kwa miongo kadhaa mabaki ya jikoni za hoteli za hifadhini yalimwagwa jalalani, na jalala likageuka kivutio cha watalii. Wageni waliwekewa mabenchi ya ngazi kama ya uwanja wa mpira, wakakaa jioni kuwatazama dubu wakigombania mifupa na maganda, huku askari wa hifadhi akilinda kwa bunduki. Barabarani nako dubu walisimama kuomba, na watu wakawapa mkate kupitia dirisha la gari. Kati ya 1931 na 1969 dubu walijeruhi wastani wa watu 48 kila mwaka ndani ya hifadhi hiyo. Kuanzia mwaka 1970 uongozi ukakaza marufuku ya kuwalisha, ukafunga majalala na kuweka mapipa ambayo dubu hawezi kuyafungua. Siku hizi anayejeruhiwa ni kama mtu mmoja kwa mwaka, na wageni ni mamilioni. Mbishi atasema majeruhi walipungua kwa sababu dubu wenyewe walipungua. Pingamizi hilo ni la haki, kwani dubu wengi waliozoea jalala waliuawa miaka ile, na mwaka 1975 dubu wa kahawia wa eneo hilo, wanaoitwa grizzly, walikadiriwa kuwa 136 tu. Ila hesabu haikuishia hapo. Walilindwa kisheria, wakazaana, na leo katika Yellowstone na maeneo yanayoizunguka wanakadiriwa kufika 1,000 hivi. Dubu wameongezeka takriban mara saba, wageni nao wamezidi, na majeruhi hawakurudi kuwa 48. Kilichoondoka kikabaki kimeondoka ni chakula cha binadamu.

Nguvu ya chakula hicho inatokana na usingizi wa dubu. Mnyama huyu hupitisha majira ya baridi pangoni bila kula wala kunywa, kwa hiyo akiba yote anaibeba mwilini. Miezi ya mwisho kabla ya kuingia pangoni, dubu mweusi anaweza kula kalori zipatazo 20,000 kwa siku, takriban mara kumi ya mtu mzima, na sehemu kubwa ya hizo huzipata kwa matunda madogo ya porini anayoyachuma kwa midomo, kichaka baada ya kichaka, kuanzia alfajiri hadi usiku. Sasa mletee mnyama huyo kopo la siagi ya karanga la nusu kilo. Ndani yake mna karibu kalori 3,000, na kulipasua ni kazi ya dakika moja. Hesabu hiyo akiifanya mara moja haisahau, na kama ni jike, watoto wake wanaisoma kwake. Katika hifadhi ya Yosemite, California, dubu weusi walijifunza mpaka aina za magari. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba walivunja magari ya familia ya milango ya kuteleza, yale ambayo Watanzania wengi wangeyaita Noah, kupita kiasi cha uwiano wake katika maegesho. Mojawapo ya sababu walizozipendekeza watafiti inaeleweka kwa kila mzazi: hayo ndiyo magari ya watoto, na makombo ya biskuti na juisi iliyomwagika havikosekani kwenye viti. Mwaka 1998 Yosemite ilikuwa na visa zaidi ya 1,500 vya dubu kuharibu mali au kusumbua watu. Makabati ya chuma yalipowekwa kambini na vyombo maalumu vya chakula vikawa lazima kwa wanaolala porini, visa vilishuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Baada ya hayo yote bado kuna watu wanauza vidonge vya nafthalini, vile vya kufukuzia nondo kabatini, eti uvitawanye kuzunguka hema na vingine uviweke ndani. Hili linaniudhi kuliko mengine, kwa sababu si bure tu, ni hatari. Mvuke wa nafthalini unaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida hasa kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, yaani wasomaji hawa hawa. Mtoto anaweza kuamka na macho ya manjano na mkojo mweusi kwa ajili ya dubu ambaye hakuwa na mpango wa kuja. Amonia, mkojo na mafuta ya simba navyo viwekwe kapu moja. Moto je? Moto unamsaidia binadamu kuona, lakini moto uliochomewa nyama ni mwaliko unaosafiri na upepo. Halafu kuna uvumi kwamba mwanamke aliye kwenye hedhi asikanyage porini. Uvumi huo ulipata nguvu Agosti 1967, dubu walipowaua wasichana wawili usiku mmoja katika hifadhi ya Glacier, Montana. Watafiti waliufanyia majaribio: huko Minnesota, katika utafiti uliochapishwa 1991, dubu weusi waliwekewa visodo vilivyotumika na hawakuvijali. Ni dubu weupe wa nchi za barafu tu walioonyesha kuvutiwa katika majaribio yao, na huko hakuna familia inayokwenda kupiga hema la wikendi. Pedi iliyotumika ifungwe vizuri na ihifadhiwe pamoja na takataka nyingine. Mwanamke asinyimwe safari.

Kitu kimoja cha kupuliza kinafanya kazi, nacho ni pilipili. Inafaa kueleza inavyofanya kazi, kwa sababu humo ndimo matapeli na wateja wao wanapopotea pamoja. Kwenye ncha za neva zetu kuna mlango mdogo uitwao TRPV1, ambao kazi yake ni kutoa taarifa ya joto kali. Hufunguka joto likipita kama nyuzi 43 za Selsiasi. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walionyesha kwamba kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, huufungua mlango huo huo bila joto lolote, na mwaka 2021 kazi hiyo ilimpatia Julius Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Ioni za kalsiamu na sodiamu huingia, neva hupiga kelele, na ubongo husoma ujumbe mmoja: unaungua. Hakuna kinachoungua. Ndege ana mlango huo pia, lakini wake haujali kapsaisini, ndiyo maana ndege humeza pilipili kichaa na kusambaza mbegu zake bila kutoa chozi. Dubu ni mnyonyeshaji kama sisi, na wingu la pilipili likimfikia machoni, puani na mapafuni, hapumui wala haoni vizuri kwa muda, anageuka, na baadaye anapona kabisa. Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichambua visa vya Alaska kati ya 1985 na 2006, wakaona kwamba kopo la pilipili lilimkomesha dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya visa na dubu mweusi katika asilimia 90. Kati ya watu waliokuwa na kopo hilo wakakutana na dubu kwa karibu, asilimia 98 hawakujeruhiwa.

Ila mlango ule uko kwenye neva za utando laini, hauko kwenye turubai. Pilipili ikikauka juu ya hema hakuna neva inayoifikia. Kinachobaki ni harufu ya kiungo kwenye mafuta, na kwa dubu hicho ni kitu cha kuchunguza. Smith huyo huyo aliripoti mwaka 1998 kwamba dubu wa Alaska walivutiwa na mabaki ya dawa hiyo ardhini, wakayanusa, wakagaagaa juu yake. Kwa maneno mengine, anayepulizia hema pilipili anatia hema kiungo. Wapo watakaouliza mbona wakulima wa Afrika Mashariki huzungushia mashamba kamba zilizopakwa pilipili na mafuta machafu, na tembo wanakaa mbali. Tembo huipeleka pua yake kwenye kamba, na mkulima hulazimika kuipaka upya kila mara. Yeye analinda shamba dhidi ya mnyama mwenye tabia nyingine kabisa. Dubu hukaribia kitu kigeni kwa udadisi.

Wapenda bunduki nao wana jibu lao, na watafiti hao hao waliwajibu mwaka 2012 kwa visa 269 vya Alaska: waliofyatua bunduki na waliokuwa nayo wasiitumie hawakutofautiana kitakwimu katika matokeo. Dubu hukimbia kilomita zipatazo 50 kwa saa, na kulenga shabaha inayokuja kwa mwendo huo katika sekunde mbili ni kazi ya wachache sana.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Pikeni na hifadhini chakula mita 90 kutoka hemani, katika kabati la chuma la kambi au chombo kilichopitishwa rasmi. Vyombo hivyo hujaribiwa na dubu hai huko West Yellowstone, ambao huachiwa kuving'ata na kuvipiga kwa dakika 60. Humo viingie pia dawa ya meno, sabuni, nepi chafu, dagaa, na mafuta ya nazi mnayopaka ngozi na nywele. Nguo za kupikia zisilaliwe. Kopo la pilipili liwe la dubu, lenye kapsaisini asilimia 1 hadi 2, na likae kiunoni mchana na karibu na mkono usiku. Ndege za abiria haziruhusu kulibeba, na Yosemite hairuhusu kabisa, kwa hiyo ulizeni kabla ya safari. Mkikutana na dubu msikimbie. Grizzly, mwenye nundu mabegani kama ng'ombe wa kienyeji, akikuvamia kwa kushtushwa au kwa kulinda watoto, lala kifudifudi, vidole vifunge shingo kwa nyuma, usitikisike. Kwa dubu mweusi usilale: Herrero alichunguza vifo 63 vilivyosababishwa na dubu hao kati ya 1900 na 2009, na katika asilimia 88 ya visa dubu alikuwa anawinda. Huyo apigwe usoni kwa chochote kilichopo mkononi, na dubu yeyote anayeingia hemani usiku atendewe hivyo hivyo, awe mweusi au wa kahawia.

Na kabla ya kuzima taa, mtu mzima mmoja azunguke kambi na tochi, atazame chini ya benchi na kwenye kiti cha mtoto garini. Kombo la mkate liokoteni usiku huo huo.