Makoloni sita yalivyokuwa nchi moja: kisa cha Australia

Tulipozungumzia shirikisho la Afrika Mashariki hewani, ujumbe mwingi mliotutumia ulibeba swali moja: wadogo hawatamezwa na wakubwa? Ni swali la haki, wala si geni. Zaidi ya miaka 120 iliyopita watu wa Australia waliulizana hilo hilo, na walibishana zaidi ya miaka kumi kabla ya kupata jibu. Dakika zetu za hewani zilikuwa chache, ndiyo maana tumeona tuwaandikie kisa chote hapa, mkisome kwa nafasi yenu.

Bara moja, serikali sita

Leo tukisema Australia tunadhani ilikuwa nchi moja tangu zamani. Haikuwa hivyo. Mwaka 1788 Waingereza walileta wafungwa mahali ambapo leo ni jiji la Sydney, wakaanzisha koloni la New South Wales. Mengine yakafuata, na kufikia mwaka 1859 yalikuwa sita: New South Wales, Tasmania, Western Australia, South Australia, Victoria na Queensland. Wenyeji wa ardhi hiyo, Waaborijini, walikuwa wameishi humo makumi ya maelfu ya miaka. Hao tutawarudia.

Makoloni yote yalikuwa chini ya malkia wa Uingereza, lakini hakuna lililomwamuru mwenzake. Kila moja lilikuja kuwa na bunge lake, kiongozi wake wa serikali, stempu zake za posta na ushuru wake wa forodha.

Forodha mtoni, treni mbili

Ushuru huo ndio uliowachosha watu wa kawaida. Mto Murray ni mpaka wa New South Wales na Victoria. Mkulima aliyevusha mazao kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine alikutana na maofisa wa forodha kama mtu anayeingia nchi ya kigeni. Victoria ilitoza ushuru mkubwa ili kulinda viwanda vyake. New South Wales ilipendelea biashara huria. Ndugu waliozungumza lugha moja na kuwa na malkia mmoja walitozana kwenye daraja.

Reli nazo hazikuelewana. Upana wa reli za Victoria ulikuwa milimita 1,600, za New South Wales 1,435, na za Queensland 1,067. Abiria aliyetoka Sydney kwenda Melbourne alishuka Albury, mpakani, akabeba mizigo yake na kupanda treni nyingine. Msikilizaji wetu wa Kidatu haihitaji kuelezwa sana, kwa maana hapo ndipo mizigo huhamishwa kati ya reli ya TAZARA na ile ya kati, kwa sababu hiyo hiyo ya upana kutofautiana.

Kulikuwa pia na hofu ya nje. Mwaka 1884 Ujerumani ilichukua sehemu ya kisiwa cha New Guinea, jirani kabisa na Queensland, na Ufaransa ilikuwa tayari imeshika New Caledonia. Watu wakajiuliza: adui akija, nani atamlinda nani, wakati kila koloni lina kijeshi chake kidogo?

Wanasiasa wakakwama, wananchi wakasukuma

Mwezi Oktoba 1889, Henry Parkes, kiongozi wa serikali ya New South Wales, alihutubia mji mdogo wa Tenterfield, karibu na mpaka wa Queensland. Alisema wakati umefika wa kuwa na serikali moja ya Australia yote. Mwaka 1891 wajumbe wakakutana Sydney na kuandika rasimu ya katiba. Hata New Zealand ilituma wajumbe, ingawa mwishoni haikujiunga.

Rasimu ile ikalala. Kila bunge lilikuwa na mambo yake, na uchumi ukaanguka. Mwaka 1893 mabenki mengi yalifunga milango.

Mwaka huo huo mkutano ulifanyika Corowa, mji ulio kando ya Mto Murray, penye kero ile ya forodha. Mwanasheria mmoja aitwaye John Quick akatoa pendekezo: wananchi wenyewe wawachague wajumbe wa kuandika katiba, kisha katiba hiyo irudishwe kwa wananchi waipigie kura. Kazi ikatoka mikononi mwa wabunge peke yao. Mwaka 1897 na 1898 wajumbe kumi kutoka kila koloni walikaa Adelaide, Sydney na Melbourne, wakabishana kifungu kwa kifungu. Queensland haikutuma mtu, na wajumbe wa Western Australia walichaguliwa na bunge lao badala ya wananchi.

Kila hofu ikapewa kifungu chake

Hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Waliofanikisha muungano hawakuwaambia wenye hofu wanyamaze. Waliichukua kila hofu wakaitafutia kifungu.

Hofu ya kwanza ilikuwa ya kumezwa. Tasmania ilikuwa na watu wasiofika 200,000, na New South Wales zaidi ya 1,300,000. Wakakubaliana kuwa na bunge lenye nyumba mbili. Katika Baraza la Wawakilishi viti vingefuata idadi ya watu. Katika Seneti kila jimbo, kubwa kwa dogo, lingekuwa na viti sita, na sheria haipiti bila nyumba zote mbili kukubali. Tena, katiba haibadilishwi kwa wingi wa kura peke yake, kwani ni lazima pia majimbo manne kati ya sita yakubali.

Hofu ya pili ilikuwa ya fedha. Makoloni yalitegemea sana ushuru wa forodha, na sasa ushuru huo ungekusanywa na serikali ya shirikisho. Wakaandika kwamba kwa miaka kumi ya mwanzo, angalau robo tatu ya mapato hayo yarudi kwa majimbo.

Hofu ya tatu ilikuwa ya heshima. Mji mkuu uwe Sydney au Melbourne? Mwezi Juni 1898 kura ya maoni ilipopigwa New South Wales, waliosema ndiyo walikuwa wengi, kura 71,595 dhidi ya 66,228. Lakini sheria yao ilitaka kura za ndiyo zisipungue 80,000, kwa hiyo ikashindikana. Viongozi wakarudi mezani mwanzoni mwa 1899. Wakakubaliana mji mkuu ujengwe ndani ya New South Wales, ila usiwe karibu na Sydney kuliko maili 100, yaani kilomita 160 hivi, na bunge likae Melbourne hadi utakapokuwa tayari. Mwaka huo kura ikapita, na Queensland nayo ikasema ndiyo. Mji uliojengwa ndio Canberra, na bunge lilihamia huko mwaka 1927.

Western Australia ilikuwa ya mwisho. Iko mbali, upande wa pili wa bara, na nchi kavu isiyo na watu iko katikati. Ilikubaliwa kuendelea kutoza ushuru wake kwa miaka mitano, ukipungua kila mwaka. Wachimbaji wa dhahabu, wengi wao wageni kutoka mashariki, wakatishia kujitenga na koloni hilo kama lingekataa. Lilipopiga kura Julai 1900, malkia alikuwa ameshatia saini sheria ya muungano, na jina la koloni hilo halikuwemo katika maneno ya utangulizi. Hata hivyo likawahi. Tarehe 1 Januari 1901 shirikisho likazaliwa, na Edmund Barton akawa waziri mkuu wa kwanza.

Waliobaki nje ya mlango

Tusiishie kwenye sherehe. Meza ile haikuwa ya wote. Wanawake walipiga kura ya muungano South Australia na Western Australia tu. Waaborijini hawakuwa na mjumbe hata mmoja, na katiba ikaandika kwamba wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Mwaka 1902 sheria mpya iliwapa wanawake haki ya kupiga kura za shirikisho, lakini sheria hiyo hiyo ikawanyima Waaborijini walio wengi. Haki hiyo waliipata wote mwaka 1962. Kile kifungu cha kutohesabiwa kilifutwa mwaka 1967, baada ya zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura kukubali.

Miongoni mwa sheria za kwanza za bunge jipya, mwaka 1901, ilikuwamo ya kuzuia watu wasio weupe kuhamia nchini. Nyingine iliamuru vibarua wa visiwa vya Pasifiki, waliokuwa wakilima miwa Queensland, warudishwe walikotoka. Tuseme wazi: aliyekuwa na kiti mezani aliipatia hofu yake kifungu, na asiye na kiti akaandikiwa kifungu cha kumtoa.

Saini haikumaliza kazi

Forodha za ndani ziliondoka upesi, na biashara kati ya majimbo ikawa huru. Reli zilichelewa. Ile ya kuiunganisha Western Australia na mashariki ilikamilika mwaka 1917. Treni iliyokwenda moja kwa moja kati ya Sydney na Melbourne, bila abiria kushuka Albury, ilipatikana mwaka 1962.

Manung'uniko nayo hayakuisha. Mwaka 1933 Western Australia ilipiga kura, na karibu theluthi mbili wakataka kujitenga. Ombi lao likapelekwa London, na bunge la Uingereza likakataa kulishughulikia bila idhini ya Australia yenyewe. Jimbo likabaki.

Na sisi?

Mwezi Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Halikuundwa. Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa Arusha mwaka 1999 unataja tena shirikisho la kisiasa kuwa hatua ya mwisho, baada ya umoja wa forodha, soko la pamoja na umoja wa sarafu.

Hatuwaambii mlikubali au mlikatae. Ila siku mtakapoulizwa, msione aibu kutaja hofu zenu. Mwenye ndizi anayevuka mpaka, mfugaji, mvuvi wa ziwani, kila mmoja aulize: jambo langu limeandikwa kifungu gani? Tena aulize la pili: nani hakuitwa mezani?