Je, Wajua? Manowari ya Kuwekwa Mezani

Je, wajua kuna mafundi wanaounda manowari nzima kwa mbao, waya na vipande vya plastiki, bila kununua hata kipande kimoja kilichochongwa kiwandani? Sogea karibu uone maajabu!

Anza na Yamato ya Japani: mita 263! Ipunguze mara 700, kipimo kinachopendwa mno, nayo inabaki sentimita 38 hivi. Baharia wake je? Milimita 2 na nusu. Haya, mpake rangi huyo!

Wajua uzito nao una vituko vyake? Ukipunguza urefu mara 100, uzito unapungua mara milioni 1! Manowari ya tani 10,000 inageuka mzigo wa kilo 10. Huamini? Piga hesabu mwenyewe.

Kamba ya unene wa sentimita 2, ukiipunguza mara 700, inakuwa nyembamba kuliko unywele. Wanaipata wapi? Wanapasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa mpaka kilegee, kisha wanakivuta huku na huku, chap! Uzi huo. Na mtutu wa mzinga? Sindano ya hospitali. Ikate tu, tundu limo tayari.

Sasa hili ndilo linaloniacha hoi. Kambi ya Norman Cross, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1797 kuwaweka mateka wa vita, wengi wao Wafaransa. Unajua waliundia nini manowari zao? Mifupa ya nyama ya mgao! Waliisafisha, wakaichonga vibao vyembamba, wakavipanga kimoja kimoja ubavuni. Kamba za milingoti? Nywele! Nyingine ukivuta uzi, mizinga yote inaingia ndani kwa pamoja. Na wateja wao sokoni pale kambini walikuwa Waingereza wale wale waliowafunga. Biashara haina adui, bwana!

Kuna Mwingereza aliyeanza kuunda manowari kwa njiti za kiberiti mwaka 1948. Amevuka 400!

Na ya kwetu je? Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, Septemba 20, 1914, kisha yenyewe ikaishia delta ya Rufiji Julai 1915. Mita zake 115, ukizipunguza mara 700, ni sentimita 16 na nusu: penseli mpya inaipita kidogo tu! Ilikuwa na mizinga mikubwa 10, na Wajerumani waliiopoa wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Unataka kuiunda? Usikisie mzinga. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nenda na futi kamba yako.