Mwanasesere Apelekaye Chai

Mwenyeji anaweka kikombe cha chai juu ya sinia dogo lililoshikwa na mwanasesere aliyevaa kimono. Papo hapo mwanasesere anaanza safari. Anavuka mkeka polepole, nyayo zikichungulia kwa zamu chini ya pindo la vazi, kichwa kikitikisika kidogo, hadi anapofika mbele ya mgeni. Mgeni akichukua kikombe, mwanasesere anasimama. Mgeni akishakunywa na kukirudisha kikombe kwenye sinia, mwanasesere anageuka, anampa mgongo na kurudi alikotoka.

Hii ilikuwa burudani ya Japani katika zama za Edo, wakati umeme wa majumbani ulikuwa haujulikani popote duniani. Hapakuwa na uzi wa kuvuta wala mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Mtambo wote ulikuwa tumboni mwa mwanasesere, na kilichouendesha ni kamani, utepe uliokunjwa kwa ufunguo kama ule wa saa ya mezani.

Tunajua kwa undani jinsi alivyoundwa kwa sababu mtu mmoja aliamua kusema. Mwaka 1796 kilichapishwa kitabu cha juzuu tatu kiitwacho Karakuri Zui, kazi ya Hosokawa Hanzo, fundi kutoka jimbo la Tosa. Juzuu ya kwanza inahusu saa, na mbili zilizobaki zinahusu wanasesere wanaojiendesha, ambao Wajapani huwaita karakuri. Hosokawa alichora vipande kimoja kimoja akaviwekea na vipimo. Mafundi wa enzi zile, Japani na kwingineko, walizoea kufa na siri zao, kwa hiyo ukarimu huu haukuwa jambo dogo. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kijapani walikifuata kitabu hicho, wakaunda upya mpeleka chai, naye akaenda.

Kamani yake haikuwa ya chuma. Hosokawa alitumia vile vibamba vyembamba vinavyoning'inia kinywani mwa nyangumi na kumsaidia kuchuja chakula baharini. Ni vitu vya jamii moja na kucha na pembe: vinapinda bila kuvunjika na vinarudi vilivyokuwa. Magurudumu yenye meno yalichongwa kwa mbao. Maarifa ya kuyapanga yalitokana na saa. Mmisionari Francis Xavier alimpa mtawala wa Yamaguchi saa ya Kizungu mwaka 1551, na katika vizazi vilivyofuata Wajapani walijifunza kuzitengeneza, kisha wakazigeuza zifuate namna yao wenyewe ya kuhesabu saa za mchana na usiku.

Mtu asiyezoea mitambo hudhani kazi ngumu ni kupata nguvu ya kumwendesha mwanasesere. La. Nguvu ni jambo rahisi: anayezungusha ufunguo ndiye anayeitoa, na utepe unaiweka akiba. Ulimi mdogo unaodakia kwenye gurudumu lenye meno ya msumeno unauzuia utepe usijikunjue kinyumenyume. Ndio huo mlio wa kr-kr-kr unaosikika wakati wa kutia ufunguo. Taabu inaanza mkono unapoachia. Kamani haijui kutoa kidogo kidogo. Ikiachwa huru inamaliza yote kwa kufumba na kufumbua, na mwanasesere anayeendeshwa namna hiyo hatapeleka chai, ataimwaga.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya vilivyomo tumboni humo ipo kwa ajili ya kuichelewesha kamani.

Hatua ya kwanza ni gia. Chukua gurudumu la meno 48 linalosukuma dogo la meno 8. Kubwa likizunguka mara moja, dogo linazunguka mara 6. Weka jozi tatu za namna hiyo mfululizo, na mzunguko mmoja wa kamani unakuwa mizunguko 216 mwishoni mwa msururu. Safari imerefushwa, lakini nguvu imegawanywa kwa kiasi kilekile: gurudumu la mwisho linakwenda mbio, ila ukiligusa kwa ncha ya kidole linasimama. Udhaifu huo ndio mbunifu anaoutafuta. Hapo mwishoni, penye kasi kubwa na nguvu ndogo, kijibreki chepesi kabisa kinaweza kuutawala mtambo mzima.

Hosokawa alichukua breki yake kutoka kwenye saa. Gurudumu la mwisho lina meno yaliyochongoka, na mbele yake kuna kijiti chenye ndimi mbili. Jino moja linausukuma ulimi wa juu, kijiti kinayumba upande mmoja pamoja na kijiwe kilichofungwa juu yake. Kabla jino la pili halijapita, ulimi wa chini unalidaka. Kijiti kinayumba upande wa pili, jino linaachiwa, lingine linadakwa. Kila myumbo unaruhusu jino moja tu kupita. Kijiwe kikiwa kizito, mwendo unapungua. Kikiwa chepesi, mwanasesere anaharakisha.

Kwenye vitu vya kuchezea vya bati vilivyokuja baadaye, kijiwe kiliachwa na ulimi peke yake ukabaki ukitetemeka kwenye meno. Mngurumo unaosikika ndani ya gari au chura wa kutia ufunguo ni ulimi huo unaogonga mara nyingi kwa sekunde. Wengine walipendelea panga dogo la kupiga hewa, hasa kwenye visanduku vya muziki, kwa kuwa halina kelele. Linafanya kazi kwa kanuni nzuri sana: ukiongeza kasi maradufu, ukinzani wa hewa unapanda takribani mara nne, kwa hiyo kila mtambo unapotaka kukimbia, hewa yenyewe inaushika zaidi.

Lipo tatizo lingine ambalo watengenezaji wa vitu vya watoto hawakuhangaika nalo. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba nguvu ya springi inalingana na kiasi ilichovutwa au kukunjwa. Maana yake, kamani iliyojaa inasukuma kwa nguvu, na inayokaribia kwisha inasukuma kwa unyonge. Mafundi wa saa walibuni gurudumu lenye umbo la koni, lililozungushiwa mnyororo, ili kusawazisha nguvu hiyo; bila hivyo saa ingepoteza majira. Mwanasesere hapangi muda wa mtu. Acha aanze kwa mbwembwe na amalize akijikokota. Mtoto anayemtazama huliona hilo kuwa uchovu, na huenda likamfurahisha zaidi.

Baada ya kuituliza kamani inabaki kazi ya pili, na hapa ndipo ufundi unapopanda ngazi. Mtambo unajua kuzunguka tu. Mwanasesere anatakiwa kuinua mkono, kugeuza shingo, kusimama na kurudi. Mzunguko unageuzwaje kuwa tendo?

Jibu ni sahani ambayo ukingo wake haukukatwa duara kamili. Mahali fulani umepanda, mahali fulani umebonyea. Kijiti kinachoegemea ukingo huo kinainuka na kushuka sahani inapozunguka, na kijiti hicho kikiunganishwa na bega, mkono unanyanyuka na kuteremka kwa mpangilio uleule kila mara. Sahani hiyo ni kemu. Waliowahi kufungua injini ya gari wanamjua ndugu yake, kemshafti, anayefungua na kufunga vali. Mpeleka chai anayo pia. Baada ya umbali uliopangwa mapema, kemu inalisukuma gurudumu dogo la mbele upande mmoja, naye anageuka. Kwa hiyo mwenyeji lazima ajue mgeni wake ataketi wapi, la sivyo chai itageuziwa njiani. Sinia nalo ni swichi: uzito wa kikombe unaishusha mikono, mikono inakivuta kizuizi kilichoushika mtambo, na safari inaanza.

Aliyeifikisha kemu mbali zaidi huko Ulaya ni Pierre Jaquet-Droz, fundi saa wa La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Yeye, mwanawe Henri-Louis na mwenzao Jean-Frédéric Leschot walionyesha hadharani mwaka 1774 wanasesere watatu: mwandishi, mchoraji na mpiga kinanda. Mwandishi ni mvulana mdogo aliyeketi kwenye dawati, mwenye takribani vipande 6,000 ndani yake. Anachovya unyoya wa bata bukini kwenye wino, anaukung'uta, kisha anaandika huku macho yakifuata mkono. Kila herufi ina kemu tatu: moja ya kupeleka mkono kushoto na kulia, moja ya mbele na nyuma, na moja ya kukandamiza na kuinua kalamu. Jambo kubwa zaidi ni gurudumu lililo chini yake, ambalo fundi anaweza kulipanga upya ili mvulana aandike sentensi nyingine, mradi isizidi herufi na nafasi 40. Watatu hao wapo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Neuchâtel, na bado wanafanya kazi.

Kemu hazisahau, hata wenye mali wakisahau. Mwaka 1928 taasisi ya sayansi ya Franklin Institute, mjini Philadelphia, ilipokea shehena ya vipande vya shaba vya mwanasesere aliyeharibiwa na moto. Familia iliyomtoa ilidhani aliundwa na fundi aitwaye Maelzel. Mafundi wakamtengeneza, wakamtia ufunguo, naye akachora picha zake nne na kuandika mashairi yake matatu. Pembeni mwa shairi la mwisho aliandika kwa Kifaransa jina la aliyemuunda: Maillardet, fundi saa wa Uswisi aliyefanya kazi London.

Huko Japani, Tanaka Hisashige, aliyezaliwa Kurume mwaka 1799, aliunda kijana mpiga upinde. Kijana huyo anachomoa mshale, anauweka kwenye upinde, analenga na kufyatua, kisha anachukua mwingine. Inasimuliwa kwamba mmoja kati ya mishale yake ulipangwa ukose shabaha makusudi, na mtu akiwatazama watazamaji wakati wa onyesho ataelewa kwa nini: anayepata kila mara huchosha. Tanaka hakuishia kwenye wanasesere. Karakana aliyoifungua Tokyo mwaka 1875 ndiyo chimbuko la kampuni ya Toshiba.

Vitu hivyo vyote vilikuwa vya mabwana. Mtoto wa mfanyakazi alilazimika kusubiri bati.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya Ujerumani vilianza kuchapa rangi na sura moja kwa moja kwenye karatasi bapa za bati, kuzikata kwa mashine, kisha kuzikunja. Vipande havikuchomelewa. Kila kimoja kilikatwa na vindimi pembeni, vindimi vikapitishwa kwenye matundu ya kipande kingine na kupindwa. Kazi hiyo haikuhitaji bingwa wa saa. Nuremberg ukawa mji mkuu wa biashara hiyo, na kule Brandenburg, Ernst Paul Lehmann alianzisha kampuni yake mwaka 1881.

Lehmann alikuwa na kamani ndogo, bati jembamba na bei ambayo haikuruhusu kemu nyingi. Mbinu yake ilikuwa kuuchagulia mtambo mhusika anayeufaa. Mfano mzuri ni punda mkaidi, aliyeanza kuuzwa mwishoni mwa karne hiyo: mchekeshaji amekaa kwenye mkokoteni, punda anakwenda mbele, anagoma, anarudi nyuma ghafla, na mchekeshaji anarushwarushwa kitini. Mwendo wa kushtukashtuka ambao kwa msichana wa kucheza dansi ungeonekana kasoro, kwa punda ni tabia. Ukiuliza ni wapi akili ya mbunifu ilipotumika vizuri zaidi kwa gharama ndogo zaidi, punda huyu anashindana na mvulana wa Uswisi bila aibu.

Kutembea kwa miguu miwili ni suala jingine, na wengi walilikwepa. Hata mpeleka chai hatembei: anabingirika kwa magurudumu yaliyofichwa na kimono, na nyayo zinachezeshwa ili kupendeza macho. Anayetembea kweli lazima, kila anaponyanyua mguu, uzito wake wote ubaki juu ya mguu uliokanyaga, ama sivyo anaanguka ubavu. Vile viroboti vidogo vya plastiki vilivyoenea duniani kuanzia miaka ya 1970 vililitatua hilo kwa nyayo kubwa kupita kiasi, ambazo upande wa ndani zinafika hadi katikati ya mwili. Miguu yote miwili imeshikwa na ekseli moja yenye mikono inayoelekea pande tofauti, mmoja ukiwa juu mwingine uko chini. Mtambo wote, kamani na gia na kijibreki, unaingia kwenye kisanduku cha plastiki ambacho kiwanda kinaweza kukitia ndani ya kuku, roboti au meno bandia yanayorukaruka bila kubadilisha kitu ila ganda.

Wa aina hiyo wanauzwa hadi leo, wengi wakitoka China, na kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo, Dar es Salaam, hawakosekani. Wengi wao hutupwa wakiwa wazima. Anayetaka kumfungua aliyegoma aanze kwa kuiacha kamani iishe nguvu, kwa sababu utepe wa chuma ukifyatuka ukiwa umejaa unakata kidole. Kisha asikimbilie kuilaumu kamani, wala kuamini kwamba imevunjika kwa "kujazwa kupita kiasi": ikijaa inajaa, haiendi zaidi. Aangalie meno ya gia za plastiki, ambayo huliwa pale mtoto anapoulazimisha ufunguo urudi nyuma au anapoishika miguu isiende. Na kabla ya meno, aangalie ekseli ya miguu. Mara nyingi kilichomsimamisha kuku ni unywele au uzi wa zulia uliojizungushia hapo, na kibano cha kung'olea nyusi kinautoa.