Kijana na Fedha Yake ya Mwanzo



Kila msimu wa karafuu vijana wetu hushika fedha. Huyu amechuma mikarafuu ya baba yake, yule ya jirani, na kila mmoja amelipwa kwa pishi alizoleta. Msimu ukiisha, baadhi yao hupanda boti kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Boti huwateremsha jirani na Kivukoni, na kutoka hapo Kariakoo si mbali. Yafaa tujiulize: kijana huyo ashukapo pale, tumemfundisha nini juu ya fedha?

Natutazame Kivukoni kwenyewe. Kwenye soko la samaki la Feri mnada huanza alfajiri. Vijana hubeba ndoo, hupaa samaki, hukaanga, na ujira wao huupata siku ile ile. Si mbali na hapo yamesimama majengo marefu ya Benki Kuu. Kijana aweza kufanya kazi mwaka mzima baina ya soko na benki, na mwisho asiwe na kitu. Fedha ya kila siku humhadaa mtu kwamba kesho itakuja nyingine. Lakini upepo ukichafuka na mashua zisitoke, kesho hiyo haiji.

Kwetu shamba hadaa ni ya namna nyingine. Fedha huja kwa mkupuo, nayo huonekana nyingi, ilhali mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Dawa ya hadaa zote mbili ni moja, nayo ni kuigawa fedha kabla ya kuitumia. Tuseme kijana amepata shilingi 10,000 kwa siku. Atenge 2,000 za akiba kwanza, 2,000 za kodi ya chumba, 4,000 za chakula, 1,000 za nauli, na 1,000 za dharura. Akingoja kuweka kitakachobaki, hakitabaki kitu.

Pia aandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kurasa chache latosha.

Mjini kuna upatu pia. Vijana kumi wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa siku, kila siku mmoja wao huondoka na 20,000, bila riba. Ni njia njema, lakini nguvu yake ni uaminifu. Aliyepokea mwanzo akaacha kutoa, huwadhulumu walio nyuma yake. Basi kijana asiingie upatu asiomjua kijumbe wake. Na ajihadhari na mikopo ya haraka ya simu, na kamari, ambayo kisheria hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18.

Kariakoo ina funzo jingine. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua moto, na bidhaa za wafanya biashara wengi zikateketea. Mwenye mali yake yote dukani, duka likiungua hubaki mikono mitupu. Akiba na iwe mbali na biashara. Ziko benki zenye hesabu za watoto na vijana, kama Chipukizi ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB, ambazo mzazi humfungulia mwanawe.

Wala tusiwaharakishe kwenda kutafuta. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikia umri huo apewe kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia skuli.

Sasa neno kwetu sisi wazee. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa akili wawakabidhi mali yao, tena mbele ya mashahidi. Ikiwa yatima ana haki ya kujaribiwa na kuhesabiwa, mwanao aliye nyumbani je?

Lakini wako miongoni mwetu wanaochukua ujira wote wa mtoto na kusema, "Nitakuwekea," kisha wasiutaje tena. Mtoto huyo hujifunza jambo moja tu: fedha usipoila leo, italiwa na mwingine. Akifika Kariakoo atafanya hivyo hivyo, nasi tutamlaumu.

Basi msimu ujao tufanye hivi. Mtoto ahesabiwe pishi zake mbele yake. Apewe sehemu yake mkononi, ingawa ndogo, na daftari. Kila Ijumaa aulizwe imekwendaje, bila ya kukemewa. Akikosea, kosa la shilingi 1,000 nyumbani ni rahisi kuliko la mtaji mzima ng'ambo. Na mzazi akiikopa fedha yake, airudishe siku aliyoahidi.

Katibu wa Chama